Kichwa cha Mpaka: Safari Yangu ya Bosnia

Basi lililotuchukua kutoka Zagreb lilisimama mpakani Izačić baada ya adhuhuri, na askari mmoja kijana akapanda, akazikusanya pasi zetu, akashuka nazo. Haikutimia robo saa akazirejesha zimegongwa mihuri, dereva akatia moto, tukaendelea na safari. Abiria wenzangu, ambao wengi wao walikuwa wakirejea makwao kwa mapumziko kutoka katika kazi za Ujerumani na Austria, hawakuinua hata macho. Lakini mimi, niliyekuwa nimesoma habari za mpaka ule kwa miaka mingi kabla ya kujaaliwa kuuona, nilikaa kimya nikiipima ile robo saa moyoni, kwani nilijua ya kuwa katika zama zilizopita robo saa hiyo ilikuwa siku ishirini na moja. Ndio muda ambao dola ya Habsburg, kwa kanuni zake za mwaka 1770, ilimweka karantini kila msafiri atokaye upande wa Waturuki, na hayo ni wakati wa salama. Pakiingia shaka ya tauni siku zilikuwa 42, na tauni ikithibiti zilikuwa 84, barua zikifukizwa moshi na sarafu zikitoswa katika siki, na mwenye kujaribu kupenya kwa siri akipigwa risasi.

Kilichonileta huko ni neno moja. Watu wa Bosnia, walipokuwa chini ya Masultani wa Istanbul, waliiita nchi yao serhat, na mtu wa mwambao akilichambua neno hilo halimpotei: nusu yake ya kwanza ni ya Kiajemi, maana yake kichwa, na nusu ya pili ni hadd ya Kiarabu, yaani mpaka, ambayo sisi katika Kiswahili tumeifanya hadi. Serhat, basi, ni kichwa cha mpaka; na katika lugha yao ya Kislavi upande huu wa nchi huitwa Krajina, kutokana na kraj, ambayo ni ukingo. Nilitamani kujua watu huishije, kizazi baada ya kizazi, mahali ambapo jina lake lenyewe ni mwisho wa mahali pengine. Maana sisi nasi, watu wa pwani, tulipata kuwa ukingo wa dola za wenzetu, na sijui kama tumekwisha kujiuliza swali hilo kwa utulivu unaolistahiki.

Habari yenyewe kwa muhtasari ni hii. Mwaka 1463 Sultani Mehmed wa Pili, yule aliyeifungua Konstantinopoli miaka kumi kabla, aliupiga ufalme wa Bosnia na kuuangusha katika muda wa majuma machache, na nchi ikafanywa sanjak, kisha mwaka 1580 ikapandishwa daraja ikawa jimbo kuu lenye mtawala wake, na katika karne ya kumi na tisa ikaitwa vilayet, ambalo ni neno letu wilaya katika mavazi ya Kituruki. Ilidumu mikononi mwa Waosmani hata mwaka 1878, miaka 415, na kwa sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa ndiyo ncha ya dola kuelekea Vienna na Venice. Ng'ambo ya pili nao Wahabsburg, kuanzia karne ya kumi na sita, walitandaza ukanda wao wa kijeshi, Vojna Krajina, wakawapa wakulima ardhi kwa sharti la kubeba bunduki maisha yao yote, na ukanda huo haukufutwa ila mwaka 1881. Kwa hiyo pande zote mbili za mstari walikaa watu waliosema lugha moja, walioimba kwa ala moja, gusle yenye uzi mmoja wa singa za farasi, na ambao aghalabu walikuwa ni ukoo mmoja uliogawanywa na dini na bahati. Na hao ndio waliouana kwa niaba ya miji mikuu miwili ambayo wengi wao hawakupata kuiona.

Tuliingia Bihać jua likielekea kuchwa. Mto Una hupita katikati ya mji ukiwa na rangi ya zumaridi, ukigawanyika na kukutana tena baina ya visiwa vidogo vilivyoota mierebi, na katika ukingo wake kuna mnara wa mawe uitwao Mnara wa Kapteni, na karibu yake msikiti ambao mgeni akiutazama mara ya kwanza hudhani macho yanamdanganya. Mnara wa adhana upo, na ndani kibla kipo, walakini madirisha ni marefu, yamechongoka juu kwa namna ya makanisa ya Kigothi, na juu ya mlango lipo dirisha la duara mfano wa ua. Lilikuwa kanisa la Mtakatifu Antonio. Hasan Pasha Predojević alipouteka mji mwaka 1592 kanisa liligeuzwa msikiti, ukaitwa Fethija, kutokana na fat-h, ufunguzi, neno lile lile ambalo kwetu limo katika Fatiha. Mwaka uliofuata Hasan Pasha alisonga mbele hadi Sisak, na huko akafa pamoja na sehemu kubwa ya jeshi lake katika mto Kupa. Nayo Bihać, iliyotekwa iwe kizingiti cha kuingilia nchi nyingine, ikabaki kuwa ukuta wa mwisho.

Nilisali magharibi humo, nikasimama nyuma ya wazee watano, na niseme kweli ya kuwa sala yangu haikuwa na utulivu wote. Niliwaza wale waliolijenga jengo lile kwa imani yao, wakafukuzwa, na wale waliolirithi na kulitunza zaidi ya miaka mia nne, nao pia wakapitiwa na mauti ya vita katika miaka ya 1992 hadi 1995 mji ulipozingirwa. Jiwe halikuchagua. Imamu, aliponiona nikilitazama lile dirisha la duara baada ya sala, aliniambia kwa Kiarabu cha vitabuni ya kuwa baba zao walilihifadhi kwa sababu ilikuwa vibaya kuvunja kitu kilichofanywa vizuri. Nami nikayachukua maneno hayo kama zawadi ya safari.

Katika nchi kama ile dola haikuweza kutawala kwa waraka peke yake. Ngome na maboma yaliwekwa chini ya makapteni, na cheo cha kapteni, ambacho kwingineko kingekuwa cha kuteuliwa, huko kilirithiwa na mtoto kutoka kwa baba, hata mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa makapteni walikuwa kiasi cha arobaini hivi, kila mmoja akiwa na mji wake, askari wake, na mashairi ya kumsifu. Upande wa kaskazini ya Bihać, huko Kladuša, ndiko anakotajwa Mujo Hrnjica, shujaa ambaye nyimbo zake ziliimbwa usiku kucha katika mwezi wa Ramadhani. Nimewasikiliza watu wakizieleza nyimbo hizo, nami nimeona ndani yake jambo ambalo vitabu vya Istanbul na vya Vienna havilisemi: ya kuwa shujaa wa serhat haogopi kufa, bali anaogopa kusahauliwa na wale anaowafia, na mshahara wake, katika nyimbo kama katika daftari za dola, huchelewa.

Siku ya tatu nilishika njia ya kusini-mashariki kwenda Jajce, na njiani tulipita Ključ, mji mdogo chini ya jabali lenye magofu ya ngome. Ključ maana yake ni ufunguo. Hapo ndipo Stjepan Tomašević, mfalme wa mwisho wa Bosnia, alipojisalimisha mwaka 1463 kwa Mahmud Pasha, waziri mkuu, baada ya kupewa hati ya amani. Na Sultani, alipopata habari, alikasirika kwa hati hiyo kutolewa, mwanachuoni mmoja akatoa fatwa kuwa haimfungi, na mfalme akakatwa kichwa huko Jajce. Mifupa inayosadikiwa kuwa yake, iliyofukuliwa mwaka 1888, imewekwa katika sanduku la kioo ndani ya nyumba ya watawa Wafransisko wa mji huo. Nilisimama mbele yake kwa muda. Sisi tuliolelewa katika Uislamu tumefundishwa ya kuwa ahadi ni deni, na wala sioni njia ya kuipamba habari ile. Yaliyoanza kwa kuvunjwa amana yalistahili kuandikwa hivyo, na watu wa Jajce wameyaweka ndani ya kioo ili asiwepo wa kuyakana.

Mji wenyewe umekaa juu ya poromoko la maji, mto Pliva ukijitupa kwa kishindo ndani ya mto Vrbas katikati ya nyumba za watu, na rasharasha zake hufika hadi barabarani. Kabla ya mwaka huo wa 1463 kumalizika mfalme wa Hungaria, Matthias Corvinus, aliuteka tena, ukawa wa Wahungaria kwa miaka zaidi ya sitini, kisiwa cha dola moja ndani ya bahari ya dola nyingine, hata Waosmani walipourudisha mara baada ya Hungaria kuvunjika katika vita vya Mohács vya mwaka 1526.

Kutoka Jajce nilikwenda Travnik, mji uliokuwa makao ya mawaziri waliotawala Bosnia, na sababu ya kuwa hivyo yastahiki kuelezwa kwa nafasi. Mwaka 1697 Mwanamfalme Eugene wa Savoy, akiisha kulishinda jeshi la Sultani huko Zenta, aliingia Bosnia kwa ghafula na askari elfu chache, akafika Sarajevo katika mwezi wa Oktoba, akauchoma moto mji mzima, akarejea. Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Januari 1699, wajumbe wa dola walitia sahihi mkataba wa Karlowitz, na Hungaria, ambayo kwa miaka mia moja na nusu ilikuwa ngao mbele ya Bosnia, ikaondoka kwa wino. Wale waliokuwa ndani ya mwili wa dola wakaamka asubuhi wako kwenye ngozi yake. Makundi ya muhajirina yalivuka mto Sava kutoka Slavonia na Hungaria, na kutoka Lika na Dalmatia, wakiwa na mikokoteni na mauti nyuma yao, wakaja wakajazana katika nchi iliyokuwa imekwisha kuchomwa moto. Nilipokuwa nikiyasoma hayo juu ya kuta za ngome ya Travnik nilikumbuka zile maili kumi za mwambao wetu zilizopimwa mwaka 1886 na Waingereza na Wajerumani, mkazi wa Mrima asiulizwe neno; nikaona ya kuwa kalamu, inapokuwa mbali na ardhi inayoiandika, ina ukali ambao upanga hauna, kwa sababu mwenye upanga walau humwona amkataye.

Basi baada ya Sarajevo kuungua waziri alihamia Travnik, bonde jembamba lililofungwa na milima, na tangu hapo hata mwaka 1850 mawaziri zaidi ya sabini walipokezana pale, wengine kwa miezi tu. Makaburi yao yamo kandokando ya barabara chini ya mapaa ya mawe, na karibu na soko upo Msikiti wa Rangi, uliopambwa kuta zake nje kwa maua na mizabibu, nao umejengwa juu ya maduka ili kodi ya maduka iutunze msikiti. Inasimuliwa ya kuwa watu wa Sarajevo, kwa kujiona, hawakumruhusu waziri alale kwao zaidi ya siku tatu. Walikuwa na haki ya kujiona: mwaka 1737 Austria iliposhambulia tena, ilhali vijana wengi wa Bosnia walikuwa wamekwisha kufia mbali katika vita vya Uajemi, ndio hao wenyeji waliokusanyika chini ya Hekimoğlu Ali Pasha wakawashinda Waaustria mbele ya Banja Luka, na mpaka wa kaskazini ukashika karibu pale pale hadi mwaka 1878.

Hapo ndipo lilipozaliwa jambo ambalo watawala wa mbali hawalifahamu upesi. Mtu aliyeilinda nyumba kwa damu yake huanza kuihesabu kuwa yake. Istanbul ilipotaka, katika karne ya kumi na tisa, jeshi la namna mpya na kodi za namna mpya, na ilipoachia Serbia baadhi ya wilaya zilizohesabiwa kuwa za Bosnia, kapteni kijana wa Gradačac, Husein Gradaščević, aliinuka mwaka 1831 akadai nchi yake ijitawale chini ya kivuli cha Sultani. Akashindwa mwaka uliofuata, akafa mwaka 1834 akiwa Istanbul, na mwaka 1835 ukapteni wote ukafutwa. Aliyekuja kuwamaliza mabeyi waliobaki, mwaka 1850, ni Omer Pasha Latas. Na huyo hakuwa Mturuki, bali alizaliwa Mkristo katika Krajina ya Wahabsburg, ng'ambo ya mstari, akavuka, akasilimu, akapanda hadi juu kabisa. Katika kichwa cha mpaka hata mtu aletwaye kuvunja ni mtu wa mpaka.

Niliwasili Sarajevo mchana wa siku ya mvua, nikaenda moja kwa moja Baščaršija, mtaa wa masoko, ambako mafundi wa shaba wangali wakigonga nyundo mbele ya milango yao. Mzee mmoja, muuza vyombo vya kahawa, alinisalimu kwa neno ambalo lilinifanya nisimame njiani: Merhaba. Nilijibu, nikakaribishwa, na kwa msaada wa mwanawe aliyejua Kiarabu kidogo tukakaa tukihesabu maneno kama watu wahesabuo jamaa waliopotezana. Kahawa kwake ni kahva. Kikombe chake ni fildžan, nami nikamwambia yetu ni finjani. Sahani ni sahan, sabuni ni sapun, sanduku ni sanduk, saa ni sahat, na pamba, ambayo sisi na Waturuki tuliipokea kwa Waajemi, kwake ni pamuk. Mwishoni akaniuliza kama sisi tunalo sabur. Nikamwambia tunayo subira, na tunasema huvuta heri. Akainama kichwa, akanimiminia kikombe cha pili. Mwana akaongeza ya kuwa mababu zake waliiandika lugha yao ya Kislavi kwa herufi za Kiarabu, wakaiita hati hiyo arebica, na ya kuwa mwaka 1631 mshairi Muhamed Hevaji Uskufi alitunga kwa mashairi kamusi ya lugha hiyo na Kituruki. Nikamweleza juu ya tenzi zetu na hati zetu za kale, naye akashangaa kama nilivyoshangaa mimi.

Jioni ile walinipeleka chini ya mnara wa saa ulio jirani na msikiti wa Gazi Husrev-beg. Mitambo yake ililetwa kutoka London katika miaka ya 1870, lakini mishale yake haifuati saa ya London wala ya Vienna: jua linapokuchwa ndipo saa inapotimia kumi na mbili, na mtu maalumu huirekebisha kadiri siku zinavyorefuka na kufupika. Wageni waliosimama karibu yangu walikuwa wakisema kuwa saa ile imeharibika. Mimi nilitazama yangu, ambayo tangu utoto naisoma kwa hesabu ya kwetu, nikaona kuwa katika Ulaya yote pale ndipo mahali ambapo mnara na mimi tulisema jambo moja: saa kumi na mbili, magharibi imeingia. Adhana ikapanda.

Gazi Husrev-beg alikuwa mjukuu wa Sultani Bayezid wa Pili kwa upande wa mama, akaitawala Bosnia tangu mwaka 1521 kwa vipindi hadi kufa kwake mwaka 1541. Alipigana vita vingi, akateka ngome nyingi, na jina la Gazi alilipata kwa upanga. Walakini ngome alizoziteka leo ni magofu, au ni za nchi nyingine, wala hakuna amwombeaye dua kwa ajili ya ngome hizo. Kinachomfanya atajwe kila siku ni alivyoviweka wakfu: msikiti uliokamilika mwaka 1531, jiko la kuwalisha maskini na wasafiri, soko lililoezekwa ambalo kodi yake iliyalisha hayo yote, na madrasa ya mwaka 1537, ambayo katika hati yake aliagiza kwamba fedha zitakazobaki katika ujenzi zinunuliwe vitabu vizuri kwa matumizi ya wanafunzi. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyozaa maktaba, nayo ipo hadi leo.

Ipo, lakini si kwa kujilinda yenyewe. Mji ulipozingirwa kuanzia Aprili 1992, mzingiro uliodumu siku 1,425, jumba kubwa la Vijećnica, ambalo Waaustria walilijenga kwa nakshi za Kiandalusi na kulifungua mwaka 1896, na ambalo lilikuwa limegeuzwa maktaba ya taifa, lilipigwa mizinga usiku wa tarehe 25 Agosti likaungua na vitabu vyake, na majivu ya kurasa yakanyesha juu ya mji. Maktaba ya Husrev-beg iliokoka kwa sababu wafanyakazi wake walivihamisha vitabu mara nane, mkono kwa mkono, ndani ya makasha ya ndizi, wakivuka madaraja yaliyokuwa yakilengwa na wadunguaji. Miongoni mwa waliovibeba alikuwemo mlinzi wa usiku, mtu aliyezaliwa Kongo, ambaye vita vilimkuta huko. Nilipoambiwa habari hiyo ndani ya jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2014, nilishindwa kusema neno kwa kitambo. Mtu wa bara letu, asiye na deni lolote kwa dola ya Osmani wala ya Habsburg, alihatarisha roho yake kwa ajili ya maandishi ya nchi ngeni. Na nusu karne kabla yake, mwaka 1942, Mwislamu Derviš Korkut, mkutubi wa makumbusho ya mji huo, aliificha Hagada, kitabu cha Pasaka ya Kiyahudi, iliyoandikwa Hispania yapata mwaka 1350, Wanazi wakaikosa. Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walifika Sarajevo katika karne iliyofuata na kujenga sinagogi lao mwaka 1581. Ukingo wa dola ulikuwa kwao kitovu cha amani.

Waaustria walipoingia mwaka 1878, kwa idhini ya mkutano wa Berlin, hawakupokewa kwa maua. Sarajevo ulipiganiwa nyumba kwa nyumba tarehe 19 Agosti. Walileta reli, shule, na tramu za umeme mwaka 1895, wakatawala kwa bidii na kwa hesabu, na mwaka 1908 wakaitwaa nchi kabisa. Walidhani wamepata jimbo. Kumbe walikuwa wamerithi kichwa cha mpaka, na kichwa hicho ndicho kilichowaangusha. Daraja la Kilatini, ambalo karibu yake mrithi wa kiti chao cha enzi, Franz Ferdinand, alipigwa risasi tarehe 28 Juni 1914, ni fupi hata mtu hulivuka kabla hajamaliza kuvuta pumzi kumi.

Siku ya mwisho nilikwenda Višegrad, mashariki, kuliona daraja juu ya mto Drina. Lina matao kumi na moja na urefu wa karibu mita 180, na lilijengwa baina ya mwaka 1571 na 1577 na Mimar Sinan, mjenzi mkuu wa Masultani, kwa amri ya Mehmed Pasha Sokolović. Huyu alizaliwa katika kijiji cha Sokolovići, karibu na Rudo, katika nyumba ya Wakristo, akachukuliwa angali mtoto katika ule ushuru wa wavulana ambao dola iliwatoza raia zake, akasilimishwa, akafundishwa, akawa amiri wa manowari, kisha waziri mkuu wa Masultani watatu tangu mwaka 1565 hadi alipochomwa kisu mwaka 1579. Sijui machozi ya mama yake yalihesabiwa katika daftari gani. Najua tu kwamba mtu yule, aliyeamrisha kutoka Hungaria hadi Yemeni, alipotaka kuikumbuka nchi aliyonyang'anywa hakuipelekea ngome, bali kivuko.

Ivo Andrić, aliyezaliwa Travnik mwaka 1892 na kulelewa hapo hapo Višegrad, alilifanyia daraja hilo riwaya iliyotoka mwaka 1945, na mwaka 1961 akapewa tuzo ya Nobel. Humo anasimulia jinsi nyumba ya wasafiri iliyojengwa pamoja na daraja ilivyokufa, kwa sababu mapato ya wakfu wake yalitoka katika mashamba ya Hungaria, na Hungaria ilipopotea mapato yakakatika. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo ujanani bila kuizingatia. Nikiwa pale niliielewa. Wakfu uliofungwa na ushindi huanguka pamoja na ushindi. Wakfu uliofungwa na haja ya watu, haja ya kuvuka, ya kusoma, ya kunywa maji, hao watu ndio wanaoubeba, hata dola iliyouanzisha ikiwa imekwisha kuwa jina vitabuni.

Wala hilo silisemi kwa wepesi, kwani daraja lile limeona mabaya ambayo mjenzi wake hakuyakusudia. Mwaka 1992 mamia ya Waislamu wa mji huo waliuawa na majirani wenye silaha, wengi wao juu ya mawe yale yale, na miili yao ikatupwa Drina. Kila mwaka jamaa zao huja, husimama katikati ya daraja, na kutupa mtoni mawaridi 3,000. Mwanamke mmoja mzee, aliyekuwa ameketi katika ile sofa ya mawe iliyochongwa katikati, alinisogezea nafasi bila kuniuliza nimetoka wapi. Tuliketi kimya. Nilisoma Fatiha, naye, midomo ikimtikisika, nadhani alikuwa akiisoma vile vile. Kisha akaniashiria ng'ambo kwa mkono, kama mwenye nyumba amwonyeshaye mgeni chumba, akasema neno moja ambalo sikulielewa, nami nikainuka nikatembea alikoelekeza.

Nikitembea juu ya maji yale ya kijani nililirudia lile neno lililonitoa kwetu. Hadd kwa Waarabu ni mpaka, na ni adhabu ya mwenye kuuruka. Kwa watu wa serhat ilikuwa ni mahali pa kufia. Lakini sisi, katika kulitamka karne kwa karne, tumeligeuza likawa neno la mwenda njia: twasema kutoka huku hadi kule, na hadi hiyo haimzuii mtu, yamfikisha. Nilivuka hadi ng'ambo, nikageuka, nikarudi hadi pale alipoketi yule mama, naye alikuwa bado amenishikia nafasi.